Shingo Ndefu, Macho Tupu: Modigliani, Fundi wa Buli na Huzuni Yenye Tunatia Siye Wenyewe



Leo tuache kidogo politike na mambo ya kutafuta kazi, tuongee juu ya shingo. Shingo ndefu, yenye inabeba kichwa chenye macho tupu. Wenye walipita mu masomo ya sanaa walisha kumutambua: ni Amedeo Modigliani. Wenye hawamujui, hakuna shida, tutaenda pole pole.

Kila mara tablo ya Modigliani inapita kati yetu, kunatokeaka makundi mbili. Kundi la kwanza linacheka: "Hii hata mutoto wa primere anaweza kuchora." Kundi la pili linakunja uso: "Muzungu huyu aliiba vinyago vyetu, na leo wanatuuzia jina lake." Mimi naona makundi yote mbili wako na kitu kimoja sawasawa: hawajaangalia bado. Wa kwanza wameona urahisi, wa pili wameona wizi, lakini hakuna mwenye amekaa mbele ya ile sura hata dakika tano. Basi swali langu ni hili: sura yenye imeondolewa karibu kila kitu inapataka wapi nguvu ya kutugusa? Na kile tunasikia mu roho mbele yake, ni chake ao ni chetu?

MUCHONGAJI MWENYE VUMBI ILIMUSHINDA

Modigliani alizaliwa Livorno, mji wa bandari ku Italia, mwaka 1884, mu jamaa ya Wayahudi yenye biashara yake ilikuwa imeanguka. Aliingia Paris mwaka 1906. Watu wengi wanamujua kwa tablo, lakini yeye mwenyewe alitaka sana kuwa muchongaji. Mwaka 1909 alikutana na Constantin Brancusi, muchongaji kutoka Rumania, na kwa miaka kama tano akashika patasi na nyundo. Alichonga vichwa mu mawe ya chokaa. Mawe mengine yalitoka pale manyumba mapya ya Paris yalikuwa yanajengwa. Mwaka 1912 alionyesha vichwa saba mu maonyesho makubwa yenye banaita Salon d'Automne. Muchongaji mwenzake Jacob Epstein alisimulia kama usiku Modigliani alikuwa anaweka mishumaa juu ya vile vichwa, na chumba kinageuka kama hekalu.

Kisha akaacha. Alikuwa na ugonjwa wa kifua tangu ujana, na vumbi ya jiwe haimuhurumii mutu wa mapafu mabovu. Tena feza hazikuwa, na mwaka 1914 vita ikaingia. Sanamu zake zenye zilibaki ni karibu 25 tu.

Mimi nazani mutu mwenye hajui ile miaka ya jiwe hawezi kuelewa tablo zake. Juu alipoacha kuchonga, hakuacha kuwaza kama muchongaji. Angalia sura zake zozote za kisha 1914: pua ni mustari mumoja wenye unashuka kutoka nyushi, kama vile patasi inapita mara moja. Uso ni yai. Mudomo ni mudogo, umefungwa. Macho ni kama punje ya lozi, mara nyingi bila mboni, yamejazwa rangi moja tu ya buluu ao ya majani. Jiwe haliko na mboni, na yeye alipeleka ile sheria ya jiwe ndani ya rangi.

HUZUNI INAKAAKA WAPI?

Sasa, kwetu tumezoea kusema macho njo mulango wa roho. Kama ni hivyo, mutu mwenye anafunga mulango anataka kutuonyesha nini?

Fikiri kilio. Unaingia pa nyumba ya wafiwa, wamama wamekaa chini juu ya mikeka. Kuko mwenye analia kwa nguvu, na kuko mwenye halie hata kidogo. Lakini yule mwenye halie, bila kuona macho yake, unajua. Unajua kwa namna kichwa kimeinama, kwa namna bega moja limeshuka, kwa namna mikono imelala juu ya mapaja kama vitu vyenye haviko na mwenyewe. Uso unaweza kudanganya. Tunajua wote mutu wa kucheka na moyo umevunjika. Namna ya kukaa haidanganyi sana.

Modigliani aliondoa vyenye vinageuka kila dakika (kicheko, machozi, hasira) akaacha vyenye vinabaki: uzito wa kichwa, urefu wa shingo, mikono. Ile shingo ndefu haiko mapambo. Shingo ikiwa fupi, kichwa kinakaa imara kama mufuniko juu ya sufuria. Ukiivuta, kichwa kinakuwa mbali na mwili, kinahitaji nguvu ya kukibeba, kinaanza kuinama upande. Na kichwa chenye kinainama, macho yetu yanakisoma kama uchovu, ao upole, ao mawazo, hata kama mudomo hausemi kitu.

Chukua mufano wa tablo yenye banaita "Mukulima Mudogo", yenye iko leo mu makumbusho ya Tate kule London. Aliichora karibu na mwaka 1918, wakati alikuwa amekimbilia kusini ya Ufaransa juu ya vita na afya. Ni kijana wa mashamba, amekaa, kofia kichwani, koti limefungwa, mikono imewekwa juu ya mapaja. Basi. Hakuna hadisi. Lakini ukitulia unaona mutoto mwenye aliambiwa "kaa vizuri" na anakaa vizuri sana, kupita vile mutoto anapashwa kukaa. Mwenye alipigaka foto ya kitambulisho anajua ile hali: umekuwa mupole ghafla, umejificha ndani ya mwili wako mwenyewe. Macho matupu hayaondoi ule utu. Yanaulinda. Kijana ametupatia mwili wake tuuangalie, roho ameibakisha.

Kwa hiyo kwa wenye wanasema "ni rahisi": kuchora mustari ni rahisi. Kujua mustari gani uache, na mia gani uondoe, njo kazi.

LAKINI CHUNGA: ILE NAFASI TUPU INAJAZWA NA NANI?

Hapa njo napenda kuwasumbua kidogo hata wenye wanamupenda Modigliani, na mimi niko mumoja wao.

Modigliani alikufa Paris tarehe 24 Januari 1920, na miaka 35. Kisha kidogo tu, muchumba wake Jeanne Hébuterne, mwenye alikuwa na mimba kubwa, alijitupa kutoka dirishani. Waliacha mutoto mumoja mwanamuke, mwenye alizaliwa 1918. Ni hadisi ya kuvunja moyo, na kila mutu mwenye anaandika juu yake anaanza nayo. Modigliani alimuchora Jeanne zaidi ya mara ishirini. Leo mutu anasimama mbele ya moja ya zile tablo na anasema: "Ona huzuni! Ona vile kifo kinamungojea!"

Ngoja kwanza. Wakati zile tablo za 1918 na 1919 zilichorwa, hakuna mwenye alijua mwisho. Yule mwanamuke alikuwa kijana wa miaka karibu ishirini, amekaa mbele ya mupenzi wake, pengine mugongo unauma juu ya kukaa sana. Ile huzuni yote tunaona, sehemu gani iko mu rangi, na sehemu gani tumeleta siye kutoka mu kitabu cha maisha yake? Sura yenye imerahisishwa iko kama chungu tupu. Inapokea. Na chungu hakichagui chenye unatia ndani.

Mwaka 1984 Waitaliano walipata somo juu ya ile neno, na sherti niwasimulie, juu wenye walitoa somo walikuwa ba etudia kama siye. Ilikuwa miaka mia tangu Modigliani azaliwe. Kule Livorno kulikuwa uvumi wa zamani kama, kijana bado, alitupaka sanamu zake mu mufereji wa mji. Basi wakaleta mashini, wakaanza kuchimba matope. Na kweli, vichwa vitatu vya jiwe vikatoka! Wataalamu wakubwa wa Italia, watu wenye majina, wakakubali: ni kazi ya mukono wa Modigliani. Kisha kidogo, vijana watatu wa chuo kikuu wakajitokeza: kichwa kimoja tulitengeneza siye, na mashini ya umeme ya kutoboa, kwa muchezo. Watu hawakuamini, basi wakachonga kingine mbele ya televisheni. Vile viwili vingine vilikuwa vya musanii wa palepale mwenye alipendaka kuonyesha vile wataalamu wanadanganyika.

Kundi la kwanza watafurahi: "Tulisema! Mutu yeyote anaweza!" Apana. Angalia muzuri. Wale wataalamu hawakudanganywa na jiwe, walidanganywa na jina. Walishuka ku mufereji na Modigliani kichwani, wakamutia ndani ya jiwe la kwanza lenye lilitoka. Kama kile kichwa kingeokotwa bila hadisi, nani angekiinamia? Nafasi tupu ilijazwa na hamu yao wenyewe. Ni kosa moja na la yule mwenye anaona kifo mu macho ya Jeanne.

SASA TURUDI KWETU

Kundi la pili, nawasikia: "Na vinyago vyetu?" Haya.

Ni kweli kabisa kama Modigliani aliangalia sanaa ya Afrika, na vichwa vyake vya jiwe vinaonyesha. Lakini tuseme ukweli kama wasomi. Wenye walichunguza wanavilinganisha zaidi na vinyago vya Wabaule wa Côte d'Ivoire na sanamu za Wafang wa Gabon, mangambo yenye Ufaransa ilitawala, na vyenyewe vilifika Paris kwa wingi. Tena aliangalia Misri ya zamani na sanamu za Khmer za Asia. Kusema "aliiba Kongo" ni kujitukuza bila ushahidi. Neno lenye linaniuma ni ingine. Muuzaji wake wa kwanza mukubwa, Paul Guillaume, alikuwa anauza tablo za wasanii wa Paris na sanamu za Afrika pamoja. Nyumba moja, mutu mumoja. Tablo iko na saini chini. Sanamu ya Afrika iko na jina la kabila, na mara ingine hata ile haiko. Urembo unaweza kusafiri, sioni kosa. Chenye kilipotea njiani ni jina la mutu.

Na siye tuko na mutu wetu. Mu karne ya 19, upande wa mto Lualaba, kati ya Waluba na Wahemba, kulikuwa fundi mwenye mukono wake haufanane na wa mwingine. Wazungu walimuita Fundi wa Buli, juu sanamu za kwanza zenye zilijulikana zilitoka mu kijiji cha Buli. Mubelgiji Frans Olbrechts njo aliunganisha kazi zake na kusema: hii haiko "kabila", huyu ni musanii, mutu mwenye tabia yake. Leo wanahesabu kazi karibu ishirini, wengine wanazani kulikuwa mikono zaidi ya moja mu kazi hiyo. Mu miaka ya 1970 watafiti walipewa jina: Ngongo ya Chintu. Wataalamu bado wanaliandika na neno "pengine".

Ukiona kazi moja ya Buli, hutasahau. Uso murefu, mashavu yameingia ndani, mifupa ya uso inatoka, kope nzito zimeshuka, paji kubwa. Mwili mudogo, mikono mikubwa kupita kiasi. Mu viti vya wafalme, mwanamuke anabeba kiti juu ya kichwa na vidole vyake vimefunguka. Kimoja kiko mu makumbusho ya Metropolitan kule New York. Na kule Tervuren, Ubelgiji, kuko sanamu ya mwanamuke amekaa, ameshika bakuli mbele yake.

Wazungu walipoona aina hii ya sanamu, mwanamuke mwembamba, macho chini, bakuli mikononi, waliita "muombaji". Masikini anaomba chakula! Walisoma ile sura kama vile wangesoma mutu mwenye amekaa mbele ya kanisa kule kwao.

Kumbe bakuli ilikuwa ya pemba, ule udongo mweupe, alama ya usafi na ya njia kati ya watu na roho za wazee. Ilikuwa sanamu ya wafalme na ya waganga wenye kutazamia. Kwa Waluba, mwili wa mwanamuke njo wenye uko na nguvu ya kushika roho ya mufalme. Ni juu ya hiyo wanawake wanabeba kiti, wanashika bakuli, wanasimama ku fimbo ya utawala. Zile kope zimeshuka, haiko juu ya njaa. Ni mutu mwenye anaangalia ndani, anachunga siri. Yule mama hakuwa anaomba kitu. Wengine njo walikuwa wanakuja kwake.

Sasa muone urefu wa lile kosa. Yule mutaalamu wa Livorno alipodanganyika, alipoteza heshima yake. Lakini wenye walimuita mama wa Buli "muombaji" walikuwa wa upande wenye ulitutawala, na usomaji wao uliingia mu vitabu vyenye siye tulisomea. Ukijaza chungu cha mwenzako na umasikini, kisha ukamuuzia hicho chungu, mwisho yeye mwenyewe ataamini kama alizaliwa masikini.

NANI ANASOMA SURA ZETU LEO?

Mutaniambia ile ni mambo ya ukoloni. Lakini siye, tunafanya nini? Wengi wetu, mbele ya sanamu ya babu, tunasikia woga tu. Tumefundishwa kama ni vitu vya shetani, na mu vijiji mingi vilichomwa moto na mikono yetu wenyewe, sio ya muzungu. Woga nayo ni namna ya kujaza nafasi tupu. Mumoja anasema "muombaji", mwingine anasema "muchawi". Wote wawili hawakuuliza.

Na kurahisisha sura haikuishia kwa mababu. Hapa Lubumbashi, wakati ilikuwa bado Elisabethville, Mufaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hangari yake ya wachoraji mwaka 1946. Bela alikuwa anachora na vidole vyake, nukta kwa nukta. Mwenze Kibwanga alikuwa anajaza tablo na mistari mifupi mifupi yenye inakimbia upande mumoja, na watu wake hawako na sura ya kutambua. Furaha ao mangaiko yao iko mu namna mwili unapinda. Hatuhitaji kwenda Paris kusoma ile luga. Iko pa mulango.

Basi hukumu yangu ni gani? Modigliani, kwangu, ni mukubwa pale anabakia karibu na jiwe: mu vichwa vyake, mu watoto na watumishi wa kusini, mu baadhi ya sura za Jeanne. Pale aliregea kwa mazoea, na iko tablo mingi za namna hiyo, shingo inakuwa saini tu, kila mutu anafanana na kila mutu, na huzuni inakuwa nguo yenye anavalisha yeyote mwenye amekaa mbele yake. Fundi wa Buli anamupita kwa neno moja: huzuni yake, kama ni huzuni, haikuwa ya kupendeza muangaliaji. Sura yake ilikuwa na kazi ya kufanya. Kichwa kimoja cha jiwe cha Modigliani kiliuzwa New York mwaka 2014 zaidi ya dola milioni 70. Sioni wivu. Lakini siwezi kukubali kama mumoja ni "fundi wa moyo wa mwanadamu" na mwingine ni "kitu cha etnografia".

Kwa hiyo, siku utasimama mbele ya sura yenye iko rahisi, ya rangi ao ya muti, mbele ya kusema "ana huzuni" ao "inatisha", jiulize mambo tatu. Mwili umekaa namna gani? Ile sura ilikuwa inafanya kazi gani, na kwa nani? Na mwisho: chenye ninasikia, nimekikuta hapa, ao nimekuja nacho?

Swali la pili huwezi kulijibu na telefone peke yake. Wenye wako Lubumbashi, makumbusho ya taifa iko pale mujini. Wenye wako Kongolo, Kabalo, Manono, Ankoro: muko na wazee wenye bado wanajua majina ya vitu mu kiluba na kihemba. Muwaulize pemba ilikuwa ya nini, nani alishika bakuli, nani alikaa ku kiti na nani hakuruhusiwa. Andikeni majibu na muyalete hapa, hata kama ni mistari kumi, hata kama wazee wawili hawakubaliane. Jina la Ngongo ya Chintu lilipona namna hiyo, juu kuko mutu alienda kuuliza na mutu alikuwa bado anakumbuka. Wale wa kukumbuka wanapunguka kila mwaka.